Tunabishana nani aseti mashine ya sikio, wakati swali ni nani atakuwa na mzee wiki ya tatu

Tangu Septemba 2024, FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliporuhusu programu inayozigeuza AirPods Pro 2, zile earphone za Apple zisizo na waya, kuwa mashine ya kusaidia kusikia, mabishano mtandaoni yamekuwa ya pande mbili tu na kila upande una uhakika wa kupita kiasi. Huku wanasema wataalamu wa usikivu kazi yao imeisha, mzee ajipime mwenyewe kwa simu, ajiseti, aendelee na maisha yake. Kule wanasema ni hatari, sikio sio kitu cha kuchezea, mwacheni mtaalamu afanye kazi aliyosomea. Nimefuatilia hizi hoja kwa muda na naona wote wanakosea palepale, wote wanadhani kinachoamua ni nani aliyeseti sauti siku ya kwanza. Mimi nasema hivi, kwa mzee ambaye usikivu wake umepungua kidogo au kiasi, nani aliseti siku ya kwanza sio jambo kubwa kama tunavyolifanya, na tafiti zipo. Makubwa ni mawili. La kwanza, je sikio lenyewe liliangaliwa na mtu anayejua anachoangalia? La pili, je kuna mtu wa kumshika mkono kuanzia wiki ya pili mpaka mwezi wa tatu, pale ambapo wengi huivua ile mashine, wakaiweka kwenye droo na isitoke tena?

Ili tuelewane inabidi kwanza tuelewe mzee anapoteza nini, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Uziwi wa uzeeni kwa kawaida sio kama redio iliyopunguzwa sauti. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kama konokono, na humo kuna vijiseli vyenye vinywele, kama elfu kumi na tano tu kila sikio, na vikifa havioti tena. Vinavyoanza kufa ni vile vya mlangoni, vinavyopokea sauti nyembamba, za juu. Sasa kwenye maneno, irabu ziko kwenye sauti nene na zina nguvu, ila konsonanti kama s, f, t, k, sh ziko juu na ni dhaifu. Kwahiyo mzee anasikia kabisa kwamba unaongea, anasikia a na i na u vizuri tu, ila kilichokaa katikati hakipati. Fika, pika na shika kwake vinakuwa neno moja. Ukimwambia lete kisu anaweza kuleta kitu chochote, maana kati ya kisu na kitu kuna herufi moja tu na hiyo ndiyo aliyoipoteza. Ndio maana wazee wengi wanasema "nasikia ila sielewi", na wanasema ukweli mtupu, na ndio maana kumfokea hakusaidii, ukifoka unaongeza irabu ambazo tayari anazisikia, alafu sikio lililochoka lina tabia nyingine ngumu, sauti ndogo hailisikii ila sauti kubwa inaliumiza haraka kuliko la kijana. Kwahiyo mzee anakwambia "ongea kwa sauti", ukiongeza anakwambia "mbona unanipigia kelele", na watu wanadhani ni ukorofi wa uzee kumbe ni sikio lenyewe.

Mashine nzuri inatakiwa ifanye kazi ya ujanja hapo. Iongeze zile sauti za juu tu, na izidishe zaidi sauti ndogo kuliko sauti kubwa, na kila sikio kivyake. Mtaalamu anafanyaje? Anakuingiza kwenye chumba kisichopitisha kelele, anapima sauti moja moja kwa desibeli, yani kipimo cha ukubwa wa sauti, anapata chati, anaiingiza kwenye fomula (inayotumika sana dunia nzima ilitengenezwa na maabara ya taifa ya masuala ya usikivu ya Australia), fomula inamwambia aongeze kiasi gani wapi. Alafu, kama anafanya kazi yake kikamilifu, anapitisha kimrija chembamba ndani ya tundu la sikio lako mashine ikiwa imevaliwa ili aone sauti iliyofika kweli karibu na ngoma ya sikio, kwasababu matundu ya masikio hayafanani na fomula ni makadirio tu. Ya kujiseti inafanya kitu cha karibu na hicho bila yule mtu, simu inapiga milio kupitia mashine yenyewe ikiwa sikioni, unabonyeza ukisikia, aplikesheni inakokotoa, alafu unaweza kusogeza mwenyewe juu chini. Nyingine ni za bei ndogo zaidi, hazipimi chochote, zinakuja na seti tatu nne zilizotengenezwa tayari unachagua inayokufaa. Hizi aina mbili watu wanazichanganya sana kwenye mjadala na hazifanani hata kidogo.

Sheria ya Marekani iliyofungua mlango huu ilipitishwa 2017, kanuni zake zikatoka Agosti 2022 na zikaanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2022. Zinasema mtu wa miaka 18 na kuendelea, anayejiona usikivu wake umepungua kidogo au kiasi, anaweza kununua bila kipimo wala cheti cha mtu yeyote. Zikawekwa na kikomo, mashine isitoe zaidi ya desibeli 111, au 117 kwa zile zenye mfumo wa kuibana sauti kubwa inapoingia. Na sababu ya kufungua ilikuwa ya kweli kabisa, hakuna aliyeibuni. Mwaka 2015 washauri wa sayansi wa rais wa Marekani walitaja bei ya wastani ya mashine moja kuwa kama dola 2,300, na wengi wanahitaji mbili, na Medicare ambayo ndio bima ya wazee kule hailipii. Matokeo yake, kwa watu wa miaka 70 na zaidi ambao zingewasaidia, wasiofika theluthi moja ndio waliowahi kuzitumia. Ukitoka Marekani ukaangalia dunia nzima hali ni mbaya zaidi, ripoti ya WHO ya 2021 ilisema watu milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba kati ya wanaohitaji mashine ni kama asilimia 17 tu wanaozitumia. Kwahiyo mtu anayetetea utaratibu wa zamani kana kwamba ulikuwa unafanya kazi, aangalie kwanza hizo namba. Ulikuwa unawafikia wachache na kuwaacha wengi.

Sasa tuje kwenye tafiti, maana kila upande unanyofoa mstari unaoupenda. Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, walichapisha jaribio mwaka 2023, watu 64 wenye upungufu mdogo na wa kiasi, wote mashine ileile, nusu wakajiseti kwa simu na nusu wakasetiwa na mtaalamu. Baada ya wiki mbili waliojiseti walisema mashine zinawasaidia hata kuliko wenzao, na kufika wiki ya sita hakukuwa na tofauti ya maana. Hata FDA ilipoziruhusu AirPods iliangalia jaribio la watu 118 na ikaona waliojiseti walipata faida inayofanana na waliosetiwa na mtaalamu. Mashabiki wa kujiseti wanaishia hapo. Ila rudi kwenye lile jaribio la Pretoria uangalie lilivyopangwa, baada ya zile wiki mbili za kwanza waliojiseti hawakuachwa hivihivi, walikuwa na msaada wa mbali, mtu wa kumuuliza, na wale wengine walikuwa na mtaalamu wa kuwarekebishia. Yani kilicholinganishwa ni mlango wa kuingilia, sio nyumba nzima. Ndani ya nyumba wote walikuwa na mwenyeji.

Kuna jaribio jingine la nyuma kidogo ambalo mimi naliona ni muhimu kuliko yote na halitajwi vya kutosha. Mtafiti wa usikivu Larry Humes na wenzake wa Indiana University, Marekani, mwaka 2017, walichukua watu 154 wa miaka 55 mpaka 79 wakawagawa makundi matatu. La kwanza walipata mtaalamu na huduma yote. La pili walijichagulia wenyewe kati ya seti zilizoandaliwa tayari. La tatu walipewa mashine iliyosetiwa isiongeze sauti yoyote, bila wao kujua. Mashine zilikuwa zilezile kwa wote. Ukiangalia usaidizi wa kusikia, kundi la kwanza na la pili walikuwa karibu sawa. Hapo watu wanashangilia. Ila walipoulizwa kama wangenunua na kubaki nazo, wa mtaalamu asilimia 81 walisema ndio, waliojichagulia asilimia 55. Fikiria hiyo tofauti kwa utulivu. Masikio yao yalisaidika karibu sawa na bado robo nzima ya watu wakapotea njiani. Sauti haikuwa imewapungukia hawa, walipungukiwa kitu kingine. Na jambo la kushangaza, hata waliopewa mashine isiyofanya chochote zaidi ya theluthi moja walitaka kubaki nazo, kwasababu na wao walikaa na mtaalamu, wakafafanuliwa, wakasikilizwa. Mimi nikisoma hapo naona kwamba mtaalamu anatoa vitu viwili tofauti, kuseti na kusindikiza, na tumekuwa tukidhani cha thamani ni kile cha kwanza kwasababu ndicho chenye kompyuta na chati.

Kuna sababu ya kimwili ya hili, sio saikolojia tu. Mtu huwa anakaa na usikivu unaopungua miaka mingi kabla hajatafuta msaada, saba, kumi, wengine zaidi. Muda wote huo ubongo umezoea ulimwengu ulionyamaza. Siku anavaa mashine kila kitu kinarudi kwa pamoja, karatasi zinakwaruza, maji ya bomba yanapiga kelele, nyayo zake mwenyewe, sahani, friji, na sauti yake mwenyewe anaisikia kama iko ndani ya pipa. Ubongo unahitaji wiki kadhaa mpaka miezi kuanza tena kupanga kipi ni cha kusikiliza na kipi ni cha kuachia kipite. Baba yangu alisetiwa na mtaalamu, kipimo kwa kipimo, hakuna kilichorukwa, na wiki ya tatu mashine ilikuwa kwenye droo pamoja na betri zake. Nilipomuuliza alisema "zinanipigia kelele, mwanangu, zimeharibika". Hazikuwa zimeharibika. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba ile kelele ndio dunia ilivyo na kwamba itapungua, na hakuna mtu aliyempigia simu kumuuliza anaendeleaje. Miezi mitano ikapita hivyo. Bado inaniuma, maana na mimi nilikuwepo na sikujua.

Na hapa ndipo naona mfano unaotumika kuliko yote kwenye mjadala huu ni mbovu kuliko yote, ule wa miwani. Wanasema mbona miwani ya kusomea mzee anajichagulia dukani, anajaribu tatu nne, anaondoka na inayomfaa, kwanini mashine ya sikio isiwe hivyo? Inasikika vizuri ila haina miguu. Miwani ya kusomea inarekebisha mwanga kabla haujaingia, lenzi ya jicho imekakamaa, unamuwekea nyingine mbele, nyuma yake mtambo wote wa kuona ni mzima, kwahiyo ukivaa unaona saa hiyohiyo na unajua saa hiyohiyo kama inafaa. Sikio ni kinyume. Kilichoharibika ni chombo chenyewe cha kupokea, mashine inapeleka sauti kubwa zaidi kwa seli zilezile zilizobaki, na ubongo ndio unamalizia kazi. Kwahiyo mtu hawezi kujua dukani kama inamfaa. Mbaya zaidi, inayomfurahisha siku ya kwanza mara nyingi sio inayomsaidia, mgeni wa mashine anaona zile sauti za juu kali zinamchoma na mkono unaenda wenyewe kuzipunguza, na zile ndizo zenye s na f na t alizokuja kuzitafuta. Miwani haina mtego huo. Ukitumia mfano wa miwani unamwambia mzee ahukumu kwa dakika kumi kitu kinachohitaji wiki sita, alafu akikihukumu vibaya unasema basi wazee hawataki kusaidiwa.

Upande wa pili nao una hoja yao dhaifu, kwamba mzee akijiseti atajiharibu masikio kwa sauti kubwa. Kikomo cha desibeli kipo kwenye kanuni tangu mwanzo, na kama nilivyosema mkono wa mtu anayejiseti kwa mara ya kwanza huwa unapunguza. Kosa la kawaida la anayejiseti ni mashine iliyo chini mno, inayokaa sikioni bila faida, na hilo nalo ni hasara ila sio ile wanayoitangaza. Wakisisitiza hoja hii wanapoteza imani ya watu, na ni huzuni kwasababu wana hoja nyingine nzito ambazo zinazama chini yake.

Hoja nzito ni hii. Hakuna simu inayoona ndani ya sikio la mzee na kujua kwanini halisikii. Nta peke yake inaweza kuziba tundu la sikio, na kwa wazee ni jambo la kawaida kabisa, ngozi imekauka, nta imekuwa ngumu, vinyweleo vimeongezeka. Mzee mwenye nta atapimwa na aplikesheni, itaonyesha upungufu, itamseti, atalipa, wakati alihitaji kusafishwa tu. Hiyo ndiyo nyepesi. Nzito zaidi ni sikio lililozimika ghafla, ndani ya siku mbili tatu, hiyo ni dharura, dawa za steroidi hutolewa mapema na kila siku inayopita nafasi ya kupona inapungua. Mtu aliyeambiwa kwamba kila tatizo la kusikia linamalizwa na kununua kifaa anaweza kutumia wiki mbili za thamani akisubiri mzigo wake ufike. Kuna usikivu unaopungua upande mmoja tu, au mvumo wa sikio moja tu, ambao mara chache ni dalili ya uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu. Kuna usaha, damu, maumivu, kizunguzungu. Hizi zote FDA imelazimisha ziandikwe kwenye boksi kwamba ukiziona nenda kwa daktari, na ni vizuri, ila tunajua maandishi ya kwenye boksi yanasomwa na nani, na mzee wa miaka 80 mwenye mtoto wa jicho sio mmoja wao. Na lile neno "anayejiona" kwenye kanuni lina kasoro, upungufu unakuja polepole na mtu anaupima kwa kujilinganisha na jana yake, kwahiyo wapo wengi wanaosema "mimi ni kidogo tu" wakati chati ingesema ni mkubwa na mashine ya dukani haina nguvu ya kuwafikia.

Kitu kingine, tunaposema "wazee" tunamaanisha nani? Washiriki wa majaribio ya kujiseti wengi wako kwenye miaka yao ya sitini au chini, wana simu janja na wamejitolea wenyewe kushiriki. Wanaohitaji zaidi wako miaka kumi na tano au ishirini mbele yao, vidole vimekufa ganzi au vinatetemeka, macho hafifu, wengine kumbukumbu imeanza kuyumba, na kifaa ni kidogo kama punje ya haragwe na kinatakiwa kichajiwe, kisafishwe, kiunganishwe upya na simu kila kikipoteza mtandao wake. Zile AirPods Pro 2 zenyewe chaji yake ni kama masaa sita, inatosha kikao au mlo wa pamoja, haitoshi siku ya mtu mzima anayetaka kusikia kuanzia asubuhi mpaka analala. Siwadharau wazee hapa, wapo wa miaka 85 wanaocheza na simu kuliko mimi. Nasema tu kwamba matokeo ya mtu wa miaka 63 hayahamishwi kwa wa miaka 84 kama mzigo unavyohamishwa toka gari moja kwenda jingine.

Alafu kuna hili la demensia, yani akili na kumbukumbu kudhoofika uzeeni, kwamba kutibu usikivu kunaizuia, ambalo wauzaji wa pande zote wamelishika kama mwenge. Jaribio kubwa la ACHIEVE lilichapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2023, watu 977 wa miaka 70 mpaka 84, miaka mitatu. Kwa wote kwa ujumla, kutibiwa usikivu hakukupunguza kasi ya akili kudhoofika. Kwa kundi dogo la waliokuwa kwenye hatari zaidi tangu mwanzo kasi ilipungua kwa asilimia 48. Hiyo 48 ndiyo inayozunguka mitandaoni peke yake, yatima, bila sentensi iliyotangulia. Na hata ukiikubali, uliza walipewa nini. Hawakupewa boksi. Walikaa na mtaalamu vikao vinne kwa wiki kadhaa, wakafundishwa kuzitumia, wakawekewa malengo, alafu wakarudishwa kila miezi sita kuangaliwa. Kwahiyo anayeuza kifaa cha kujiseti kwa kutumia ile namba anatumia ushahidi wa kitu asichokiuza. Na mtaalamu anayeseti mara moja, akaagana na mteja mlangoni, naye hana haki nayo.

Nalisema hili la mwisho kwa makusudi kwasababu wataalamu wengi hawatoi kile wanachokitetea. Kile kipimo cha kimrija ndani ya sikio, ambacho ndio tofauti kubwa ya kiufundi kati yao na simu, tafiti za Marekani zimeonyesha zaidi ya mara moja kwamba wengi hawakifanyi kila mara. Kama mtaalamu anabonyeza kitufe cha fomula, anauliza "unasikia vizuri?" na kukuaga, basi alichofanya ni kile kinachofanywa na aplikesheni, kwa bei ya juu. Na mfumo wa bei wenyewe umeficha mambo, kifaa, kipimo, kuseti na ziara za baadaye vimefungwa kwenye bei moja, mteja hajui analipia nini, kwahiyo akiona kifaa cha bei ndogo anadhani kimeshushwa bei kumbe kimeondolewa watu. Uingereza nao wanatufundisha kitu, kule NHS, huduma ya afya ya serikali, inatoa mashine bure na zinasetiwa na wataalamu, na bado nyingi zinaishia kwenye droo. Bei ikiondoka na mtaalamu akiwepo tatizo bado linabaki, maana lile pengo la baada ya kuseti halijazibwa.

Kwahiyo tukikubali kwamba kuseti na kusindikiza ni kazi mbili, mambo kadhaa yanabadilika. Kwanza, kuangalia sikio kusiunganishwe na kununua kifaa. Nesi au daktari wa kawaida mwenye taa ya sikio anaweza kuona nta, usaha, ngoma iliyotoboka, na kuuliza maswali manne, imekuwa ghafla? upande mmoja? kuna kizunguzungu? kuna maumivu? Hiyo ni kazi ya dakika kumi na haihitaji chumba kisichopitisha kelele. Akipita hapo, ana upungufu wa masikio yote mawili uliokuja polepole, anatumia simu bila shida, basi ajiseti, sioni sababu ya kumzuia wala kumtisha. Asiyepita, au ambaye akivaa bado haelewi hata mtu aliyekaa mbele yake kwenye chumba kimya, huyo aende kwa mtaalamu na pesa iliyookolewa kwa wale wengine imfuate yeye, kwasababu wataalamu ni wachache na kila saa wanayoitumia kwa mtu ambaye simu ingemtosha ni saa aliyonyimwa mtu ambaye simu haiwezi kumsaidia kabisa.

Pili, kusindikiza kunaweza kufanywa na mtu asiye mtaalamu. WHO yenyewe ilitoa mwongozo mwaka 2024 kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, unaogawa kazi hizi ili watu waliopata mafunzo mafupi wafanye sehemu kubwa na wataalamu wabaki na kesi ngumu. Wengi wanausoma shingo upande, kama suluhisho la maskini, mimi nadhani ni sahihi kwa kila mtu. Ukiangalia kinachohitajika wiki ya tatu ni vitu vidogo mno, kumwambia mzee aanze kuvaa masaa mawili kwa siku nyumbani pakiwa kimya, alafu aongeze, kumuonyesha tena namna ya kubadilisha kile kichujio cha nta maana mashine nyingi zinazosemekana zimekufa zimezibwa hapo tu, kumtafutia kile kikofia laini cha kuingia sikioni cha saizi nyingine kama mashine inapiga mluzi, kuwaambia watu wa nyumbani wazime televisheni kabla ya kuongea na wamwangalie usoni. Baba alirudi kuvaa zake baada ya binti wa jirani aliyesomea uuguzi kukaa naye siku nne kwa nyakati tofauti. Seti haikuguswa.

Tatu, na hili ni gumu, lazima mtu alipie huo usindikizaji. Kampuni ya kifaa cha kujiseti haina sababu ya kuulipia, imeshauza. Mtaalamu akiutenganisha kwenye bei anaogopa mteja ataona ni mkubwa kuliko kifaa chenyewe, na mara nyingi utakuwa. Bima zinapenda kulipia kitu chenye boksi na namba ya kiwandani, sio simu ya dakika kumi na tano kila wiki. Kanuni za Marekani zilimtaka mtengenezaji aseme wazi kama anakubali kurudishiwa kifaa, hazikumtaka akubali, wala hazikumlazimisha mtu yeyote kumsindikiza mzee akikwama. Ila mashine nyingi za siku hizi zinarekodi zenyewe zimevaliwa masaa mangapi kwa siku, takwimu hiyo iko ndani ya kifaa tayari. Mlipaji yeyote, awe bima au serikali, angeweza kulipa nusu ya pesa siku ya kuseti na nusu nyingine baada ya miezi sita, kama tu kifaa bado kinavaliwa, bila kujali kilisetiwa na simu au na mtu mwenye koti jeupe. Tungejua haraka sana nani kati yao alikuwa anafanya kazi.